Kiwanda Tulichokisafisha Wenyewe

Mama yangu alikuwa msimamizi wa zamu ya asubuhi kwenye kiwanda cha kubangua korosho, nje kidogo ya mji wa Newala. Wanawake wapatao arobaini walikuwa chini yake, wengi wao majirani zetu wa Makote, wengine wakitoka Mkunya. Shule aliishia darasa la nne. Hakuwa na sauti kubwa, na sikumbuki kumsikia akimfokea mfanyakazi. Viganja vyake vilikuwa na mabaka meusi kwa sababu ya mafuta ya maganda ya korosho, ambayo yakikugusa huchoma kama moto, na hata alipokuwa msimamizi hakuacha kukaa mezani kubangua pamoja na wenzake.

Kulikuwa na kisa kimoja ambacho wanawake wale walipenda kukisimulia. Siku hiyo korosho nyeupe zilipungua kwenye mizani, na mkubwa wa kiwanda akaamuru wanawake wote wapekuliwe getini. Mlinzi alikuwa mwanamume. Mama akatoka kwenye mstari, akavua ushungi wake, akautandika chini mbele ya mlinzi, akasema, "Anza na mimi. Ukimaliza kwangu, ndipo uwaulize hawa kama wako tayari." Mlinzi akatazama pembeni. Upekuzi haukufanyika, na mwezi uliofuata akaajiriwa mlinzi mwanamke. Tangu siku hiyo, mama akisema tuje mapema kesho, walikuja. Akisema tusubiri, walisubiri.

Kisha kiwanda kikafungwa. Nilikuwa bado shule ya msingi, na nilichoelewa ni kwamba king'ora kilichokuwa kikituamsha asubuhi kilinyamaza. Ilisemekana mitambo ni ya hasara, serikali haiwezi tena, atatafutwa mtu wa kukinunua. Zilikuwa zile nyakati za ruksa, ambapo maduka yaliyokuwa matupu yalijaa sabuni na khanga na redio, na wanunuzi wa korosho walifika na magari yao hadi mashambani. Watu wengi walifurahi, na sisi pia tulifurahi sabuni. Lakini wanawake wa kiwandani walirudi kwenye mihogo na mbaazi, na kila walipokutana na mama njiani au kwenye foleni ya maji walimuuliza swali lile lile: "Umesikia lolote?"

Hakuwa amesikia. Miaka ikapita. Mlinzi naye akaona halipwi, akaondoka zake. Kwanza upepo uliangusha mabati ya upande mmoja wa ghala, na watu wakaona bora wayaokote kuliko yaote kutu. Halafu ikaondoka mikanda ya mashine, ikawa nyayo za makubazi. Chekeche za kiwandani zikawa vichanja vya kuanikia muhogo. Kuna nyumba Mkunya iliyokuwa na mlango wa chuma ulioandikwa HATARI UMEME. Mama hakuchukua hata msumari, lakini pia hakumlaumu aliyechukua. Alikuwa akisema, "Wamefanya kazi pale, hawakulipwa chao cha mwisho. Acha wapate kivuli."

Aliyepata kivuli kuliko wote alikuwa somo yake. Mama na mwanamke huyo walikuwa na jina moja, basi tangu usichana wao waliitana somo, na mimi nilimwita mama mdogo. Alikuwa mjane, akiishi na mama yake mzee mwenye kifua kibovu. Nyumba yao ya nyasi ilikuwa ikivuja kila mwaka. Mabati yale ya ghala yalipoanguka, somo aliyabeba mawili mawili kichwani hadi akaezeka vyumba vyote viwili. Yule bibi alikuwa akisikia mvua inapiga juu anacheka peke yake. Nilimwona kwa macho yangu, amekaa kitandani amejifunika, anatazama juu na kucheka.

Mwaka mmoja baada ya kumaliza darasa la saba, nikiwa nyumbani kwa kukosa nafasi ya sekondari, akaja meneja.

Hatukujua kampuni yake ilitoka wapi hasa, ila tuliambiwa imekinunua kiwanda. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, shati jeupe, viatu vimejaa vumbi jekundu kwa sababu aliliacha gari barabarani na kutembea hadi kwetu. Alipomwona mama aliinama akasema, "Shikamoo, mama." Alikataa kiti, akakaa mkekani. Nilimletea ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha na chumvi, akala kwa mikono yake, akasifu, akaomba tena. Mpaka leo nikijitahidi kumchukia nakumbuka jinsi alivyokula.

"Mama," alisema, "nimeuliza mjini kote, nani anaweza kuzungumza na wanawake wa kiwanda. Wote wamenitajia mtu mmoja."

Mama akamsogezea chumvi.

"Tunataka kukifungua. Lakini wenye fedha watakuja kukagua, na wakikuta mifupa mitupu watageuza gari. Tunahitaji vifaa virudi, na pale ndani pasafishwe. Hatutamshitaki mtu. Atakayerudisha na atakayesafisha, huyo ndiye atakuwa wa kwanza kuandikwa kazi."

"Kitafunguliwa lini?" mama akauliza.

"Msimu huu huu, korosho zikianza kuanguka."

"Unaweza kuniandikia hilo kwenye karatasi?"

Meneja alicheka kidogo, bila dharau. "Mama, nimekaa kwenye mkeka wako, nimekula chakula chako. Kweli unanidai karatasi?"

Nilimwona mama akiona haya. Aliangalia chini, akakunja pindo la khanga yake, akasema, "Basi, mwanangu. Yaishe." Nimelifikiria neno hilo maisha yangu yote. Mwanamke ambaye hakumwonea haya mkubwa wa kiwanda alimwonea haya kijana mwenye adabu.

Kesho yake tukaanza kuzunguka. Mama alinichukua mimi ili nisaidie kubeba. Tulikwenda nyumba kwa nyumba Makote, siku nyingine Mkunya, tukitoka baada ya chai na kurudi jua linapokuchwa. Hakutoa hotuba. Alikaa, akasalimia, akauliza hali za watoto na za mashamba, kama ugonjwa wa ubwiriubwiri umepungua kwenye mikorosho, kisha akasema, "Kiwanda kinafunguliwa. Wanataka vitu virudi." Watu walimwangalia usoni kwa muda. Halafu mmoja alinyanyuka akaenda uani, akarudi na beringi lililofungwa kwenye kitambaa. Mwingine aliondoa chekeche juani, akamwaga muhogo wake mkekani. Mzee wa Mkunya aliung'oa ule mlango wa chuma kwa nyundo, akaubeba mwenyewe mgongoni hadi kiwandani, na nyumba yake akaifunga kwa gunia. Hakuna aliyekataa. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na sikuwahi kujivunia mtu kama nilivyojivunia mama yangu wiki hizo.

Nyumba ya somo aliiacha ya mwisho.

Tulimkuta anatwanga. Aliposikia tumekuja, alisimamisha mchi bila kuuachia. "Najua kilichokuleta," alisema. "Nimeona mlango wa yule mzee ukipita barabarani kama jeneza."

"Somo, sikulazimishi."

"Mabati haya hayakuwa ya mashine. Ni ya ghala tu. Kwani korosho zitabanguliwa kwa mabati?"

"Wanataka ghala lionekane zima."

Somo aliangalia juu ya nyumba yake. Ndani tulimsikia bibi akikohoa. "Mvua zikinikuta bila nyasi?"

"Bado ni Agosti. Mshahara wa kwanza utanunua mabati yako mwenyewe, mapya. Na mimi nitakuja kukata nyasi nawe za kushikiza."

Somo aliweka mchi chini. Akamsogelea mama, wakawa wanaangaliana karibu kabisa, wanawake wawili wa kimo kimoja. "Niambie kitu kimoja," alisema. "Haya unaniambia wewe, au ananiambia meneja?"

Mama hakusita. "Nakuambia mimi."

"Basi," akasema somo, na akaingia ndani kumhamishia mama yake chini ya mwembe.

Tuliyashusha mabati yale siku mbili. Mimi ndiye niliyekuwa juu, nikiyafungua misumari na kuwapokeza wao chini. Bibi alikuwa anatuuliza kila mara, "Mnafanya nini na paa langu?" na somo alikuwa akimjibu, "Tunalibadilisha, mama. Tunaleta jipya."

Septemba nzima tulisafisha. Sijawahi kuona kazi ya bure ikifanywa kwa furaha ile. Tuliwatoa popo, tukafagia vinyesi vyao kwa majembe. Tulisugua mashine kwa mchanga na mafuta ya taa, tukapaka grisi aliyoileta meneja kwa madebe. Wanawake waliimba nyimbo za jandoni na unyagoni, wakataniana nani amenenepa hata hatatosha kwenye kiti chake cha zamani. Somo alisugua meza yake ya kubangulia mpaka ubao ukawa mweupe. Maji ya kusafishia tuliyabeba wenyewe, na mtu wa Newala akikuambia nilibeba maji kwa ajili ya kusugua chuma, ujue amekuambia jambo zito, maana kwetu maji yanapandishwa kutoka bondeni, na pampu ikiharibika watu hukesha foleni.

Wiki ya mwisho ya kazi walikuja mafundi wawili kutoka mbali, na mimi nikapewa kazi ya kuwapikia chai. Walizunguka na utepe wa kupimia, wakiandika namba kwa rangi nyeupe kwenye kila mashine. Mmoja wao, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa mpole. Nilipompelekea chai nikamuuliza, kwa udadisi tu, "Shikamoo, baba. Hizo namba za nini?"

"Marahaba, binti. Za kupakia. Kila kipande kijulikane kinaingia gari lipi."

"Kinaingia gari? Kinakwenda wapi?"

Akaniangalia, akaangalia wanawake wakisugua upande wa pili huku wanaimba, akaniangalia tena. Kikombe kilikuwa kimefika mdomoni lakini hakunywa.

"Hamjaambiwa?" akauliza taratibu.

Nikatikisa kichwa. Akashusha kikombe. "Mimi, binti, nimetumwa kufungua boliti. Mengine sijui." Na tangu saa ile hakunisemesha tena.

Hapa ndipo penye jambo langu mimi, ambalo kwa miaka sikulisema. Nilitoka pale nikiwa na nia ya kumwambia mama. Nilimkuta nyuma ya ghala, amekaa juani na somo, wamenyoosha miguu, wanakula mihogo ya kuchoma. Mama alikuwa anacheka. Alikuwa anacheka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu king'ora kinyamaze, kichwa nyuma, mdomo wazi, mkono juu ya goti la mwenzake. Akaniona, akaniita, "Njoo ule, mbona umesimama kama mgeni?" Nikakaa, nikala. Nikajiambia yule fundi ni mgeni, huenda hakuelewa, huenda mashine zinapelekwa kutengenezwa. Nikajiambia nitasema kesho. Kesho nikajiambia vile vile.

Meneja alikuwa amesema watu waje Jumatatu kuandikishwa. Jumatatu hiyo wanawake walikuja wameoga, wamevaa khanga zao nzuri. Mama alivaa koti lake la zamani la kazini, la buluu, alilolipiga pasi ya mkaa. Tulipofika getini tulikuta malori matatu. Mawili yalikuwa yamekwisha jaa. Mashine zetu zilikuwa juu, zimefungwa kwa kamba, zinang'aa kwa grisi tuliyoipaka sisi.

Nadhani kwa dakika kadhaa hakuna aliyeelewa. Mwanamke mmoja hata alipiga vigelegele, akifikiri ni mashine mpya zinaletwa. Vigelegele vile vikakatika katikati.

Mama alikwenda moja kwa moja hadi kwenye gari la meneja. Nilimfuata. Meneja alishusha kioo, na safari hii hakutoka nje.

"Shikamoo, mama."

"Mashine zinakwenda wapi?"

"Mama, mipango imebadilika huko juu. Mashine hizi ni za kizamani, zimepata mnunuzi. Jengo litabaki, litakuwa ghala. Tutanunua korosho, tutazihifadhi hapa, zitasafirishwa na maganda yake."

"Uliniambia kitafunguliwa."

"Kimefunguliwa, mama. Ghala nalo ni kazi. Tutahitaji wabebaji." Akasita. "Wanaume kama kumi hivi, kwa msimu."

"Na hawa?" Mama hakugeuka kuwaonyesha. Aliinua tu mkono nyuma yake.

Meneja alipitisha kiganja usoni. Naamini hakuwa na raha. Huenda naye alikuwa ameambiwa na mtu mwingine, aliyekaa kwenye mkeka mwingine. Lakini alichosema kilikuwa hiki: "Mama, si niliahidi kutomshitaki mtu? Hilo nimelitimiza." Akapandisha kioo.

Mama alikwenda akasimama katikati ya geti, mbele ya lori la kwanza. Dereva akazima injini. Kisha mama akawageukia wanawake, akasema kwa sauti yake ile ile isiyo kubwa, "Njooni tusimame. Hawawezi kupita tukisimama wote."

Ilikuwa mara ya kwanza kuwaita wasije.

Hawakumtukana. Hata kelele hawakupiga. Walisimama pembeni ya barabara na khanga zao nzuri, wakimtazama, na macho yao hayakuwa kwenye malori hata kidogo. Yalikuwa kwake. Nilikuwa nimesimama baina yao na yeye. Ningeweza kupiga hatua sita nikawa kando yake, na sikuzipiga, kwa sababu nilikuwa najua kwa siku tano nzima na nilidhani nikimkaribia ataona usoni mwangu.

Somo ndiye aliyesogea. Kwa kitambo kidogo nilifikiri anakwenda kusimama naye. Alifika karibu, kama siku ile ya mchi, akasema, "Nilikuuliza."

"Uliniuliza," mama akasema.

"Ukanijibu."

"Nikakujibu."

Somo akatikisa kichwa, akageuka, akashika njia ya Makote. Wengine wakaanza kumfuata, mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Dereva alishuka akamwambia mama kwa upole, "Mama, na mimi nimetumwa." Mama akasogea. Malori yakapita, na yale mabati ya ghala yakabaki juu ya ghala, yakimeta, maana hayo kampuni iliyahitaji.

Mvua za mwaka ule ziliwahi. Mama alikata nyasi kama alivyoahidi, akazipeleka kwa somo mizigo minne, na somo akazikuta mlangoni akaziacha hapo hapo hadi mchwa wakazila. Aliezeka kwa nyasi zake mwenyewe, nyembamba, upande mmoja tu. Usiku mmoja wa Desemba upande wa pili ukabomoka. Bibi hakuumia, lakini aliloa, na kifua chake hakikuweza. Alifariki kabla ya mwaka mpya.

Tulikwenda msibani. Mama alibeba ndoo ya maji kichwani, imejaa, kwa sababu msiba wa kwetu kitu cha kwanza ni maji, na siku hizo pampu ilikuwa mbovu, ndoo moja ilikuwa na thamani. Wanawake walimpisha akakaa. Walimjibu salamu. Lakini walipokwenda kumwosha marehemu hawakumwita, yeye ambaye walikuwa wakimwita kwenye kila msiba. Walipopika waliteka maji kwenye ndoo zote zilizokuwepo isipokuwa ile. Jioni ilikuwa bado pale, imejaa, na majani mawili ya mkorosho yakielea juu. Mama alitaka kuirudisha nyumbani, halafu akaona itakuwa kama kususa, basi akaiacha. Sijui ilikwenda wapi.

Baada ya msiba alizunguka nyumba zile zile, safari hii peke yake. Alikuwa anaomba radhi. Wengi walimwambia, "Tumekwisha kukusamehe, mama, hayo yamepita." Alirudi nyumbani akaniambia, "Wananisamehe wamesimama mlangoni. Hakuna aliyeniambia karibu ndani."

Nilimwambia habari ya fundi mwaka uliofuata, tukiwa shambani tunaokota korosho. Sikuweza tena kuficha. Nilisema yote, namba, chai, boliti, mihogo ya kuchoma. Mama aliendelea kuokota na kutenganisha korosho na bibo lake, mpaka nikadhani hajasikia.

"Ungeniambia," akasema mwishowe, "nisingekusadiki. Ningesema mtoto huyu hajui kitu. Ningemsadiki yule aliyekaa mkekani."

Nikaanza kulia kwa ahueni. Lakini alikuwa hajamaliza.

"Ila ungeniambia," akasema.

Hatukuzungumza tena jambo hilo.

Watu walimwomba baadaye awe mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, wale wa upande mwingine wa kijiji ambao hawakuwa wa kiwandani. Alikataa. Wakamwomba awe kwenye kamati ya shule, akakataa. Aliishi miaka tisa bila kumwambia mtu afanye jambo lolote. Hata mimi, nilipotaka ushauri kuhusu mwanamume aliyenichumbia, alisema, "Angalia mwenyewe. Mimi nisije nikakuambia." Niliolewa na mtu mwema, kwa bahati, lakini nilitamani aniambie.

Somo aliondoka Makote mwaka wa pili baada ya msiba. Ilisemekana yuko Masasi. Nilikuja kujua aliko pale mama alipougua tumbo, tukamteremsha kwa basi hadi hospitali ya Mkomaindo. Asubuhi ya kwanza nilitoka kutafuta kitu cha kumpa mgonjwa, na kando ya geti, nyuma ya sufuria kubwa iliyofunikwa, alikuwa amekaa mama mdogo. Amekonda. Akanitambua kabla sijasema.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Nani anaumwa?"

Nilipomwambia, aliinamisha kichwa, akachota uji akajaza chupa yake mwenyewe ya chai. Nilipotoa hela akausukuma mkono wangu. "Mwambie umenunua kwa mtu," alisema. "Kesho niletee chupa."

Ilikuwa hivyo siku kumi na moja. Uji wa mtama na karanga, laini, hauna hata donge. Mama alikuwa hawezi kula kingine. Siku ya tatu alimeza kijiko, akakishikilia mdomoni, akafumba macho. "Huu wameupika wapi?" akauliza. Nikasema hapo nje. Hakuuliza tena, ila tangu siku hiyo alisisitiza chupa ioshwe vizuri kabla sijairudisha, na aliiangalia kila ninapoiosha.

Nilimbembeleza somo aingie ndani. Saa za kuona wagonjwa zilikuwa zinapigwa kengele, watu wanapita mbele yake na vikapu vyao. "Ingia japo umwangalie tu," nilimwambia. "Ukitaka usimsemeshe."

Alikoroga sufuria kwa muda. "Siwezi, mwanangu. Nikimwona yeye namwona mama yangu analoa. Si kwamba nataka. Ndivyo ninavyomwona."

Siku ya kumi na mbili mama alifariki, asubuhi, jua limekwisha kuwa kali. Chupa ilikuwa kwenye kimeza kando ya kitanda, imejaa kama nilivyoileta, maana tangu alfajiri alikuwa hawezi tena kumeza. Sikuwa na mtu mwingine Masasi. Nikatoka hadi getini. Kulikuwa na wateja wawili wamechuchumaa na vikombe. Somo aliponiona hakuuliza. Alimaliza kumpimia mmoja, akafunika sufuria, akafuta mikono polepole, kidole kimoja kimoja.

"Wa leo alikunywa?" akauliza.

"Alikunywa," nikasema. "Wote."

Akaitikia kwa kichwa mara nyingi, kana kwamba amepewa habari njema. Kisha akawaambia wateja waweke vikombe chini, akafunga mzigo wake. Yeye ndiye aliyekwenda kuzungumza na mwenye gari, mimi nikiwa nimekaa ukingoni mwa barabara sijui hata nianzie wapi. Tulipanda naye nyuma ya gari dogo la mizigo, jeneza katikati yetu, tukaianza barabara ya Newala. Kila tulipofika kwenye kona za mlima alilikumbatia jeneza kwa mikono miwili ili lisiteleze. Vumbi lilimjaa nyusi na kope. Alikuwa analia wazi wazi, bila kujifuta, na mimi nilikaa upande wa pili nimeipakata ile chupa ya uji ndani ya kikapu, nimeifunika kwa khanga, nikiomba gari lisiruke shimo ikamwagika akaiona.

Uji niliumwaga usiku ule nyuma ya nyumba yetu. Chupa nilimrudishia baada ya arobaini, imeoshwa.